Mohg alitumikia nani? Kutafuta bosi wa kweli wa wabaya wa gemu

Bandugu, kila nikikaa na vijana wa huku Katuba wenye kucheza Elden Ring kuna swali linatoka, na sijaona siku limeisha bila kelele. "Yaya, ule Mohg iko upande ya nani?" Mmoja anasema Mohg, yule bosi wa damu wa ile gemu, ni mwizi wa watoto, mwingine anasema hapana, mtoto ndo alimwiba yeye, na wa tatu ambaye hajashika ata maneti ya kuchezea, ameangalia tu mavideo usiku wakati forfe ya intaneti iko bei ya chini, ndo anapiga kelele kushinda wote. Wakimaliza Mohg wanahamia kwa Ranni, kutoka Ranni wanaenda kwa Gideon, alafu mtu analeta gemu zingine kabisa na hapo basi, hakuna kulala. Nimeona bora niandike yote mara moja. Na nasema mapema, nitafichua kila kitu, mpaka miisho, kwa hiyo kama bado unacheza funga simu ukacheze kwanza.

Mi naona ubishi hauishi juu tunatupa maswali manne ndani ya swali moja. Tukiuliza "huyu ni wa nani" tunataka kujua anampigia nani magoti, na amefungwa na kiapo au uchawi wa nani, na yeye mwenyewe rohoni anataka nini, na mpango wake ukifaulu nani anabaki na faida. Kwa mtu wa kawaida hayo manne yanatembea pamoja. Kwa mbaya mwenye akili yanaachana, na waandishi wa hizi gemu wanachezea hapo hapo kwenye nafasi katikati. Mtu akija stade amevaa jezi ya Mazembe siku ya kucheza na Lupopo, umejua nguo aliyovaa, bado hujajua feza yake ya pari ameweka kwa nani.

Chukua Dark Souls ya 2011, ile nyepesi kuelewa. Kuna nyoka wawili wakubwa, Frampt na Kaathe. Frampt anatoka chini ya ardhi ukishapiga kengele mbili, anakuambia we ndo wa kumrithi Bwana Gwyn, mfalme wa miungu, nenda ukawashe upya ule moto unaoshikilia dunia. Kaathe unamkuta kwenye giza la Abyss ukishawaua Wafalme Wanne, kama ulikuwa hujampelekea Frampt kile chombo cha mabwana, na yeye anasema kinyume kabisa, kwamba Gwyn aliwaogopa binadamu, kwamba Frampt anakudanganya, acha moto ufe we uwe Bwana wa Giza. Watu wakagawanyika, wa Frampt huku, wa Kaathe kule. Alafu ukichagua giza, ile video ya mwisho inaonyesha nyoka wamejipanga wanakuinamia, na Frampt yumo, yuko na Kaathe! Kuna wanaosema hapo ndo ushahidi kwamba walikuwa kitu kimoja toka mwanzo. Mi siendi mbali ivo. Ninachoona ni kwamba Frampt anainama mbele ya yeyote aliyekalia kiti, na mtu wa namna hiyo magoti yake hayakuambii kitu, tupa huko, angalia mengine.

Gideon sasa. Elden Ring ilitoka Februari 2022, studio ni FromSoftware, Hidetaka Miyazaki ndo aliongoza, na historia ya zamani ya ile dunia iliandikwa na George R. R. Martin. Gideon Ofnir anajiita Mwenye Kujua Yote, anakaa pale Meza ya Duara, anakusalimia vizuri, anakupa habari za nusu-miungu, wale wa ukoo wa Malkia Marika, mungu wa ile dunia, ukimletea habari mpya anakulipa na mambo ya kichawi. Mpaka hapo unasema ni mshauri. Alafu unafika kijiji cha watu wanaoitwa Albinauric, unakuta watu wameuawa, na unakuja kuelewa kwamba ni watu wake, alikuwa anatafuta ile medali ya siri ya kwenda Haligtree, mti mkubwa uliofichwa. Nusu ya medali ikishaingia mkononi mwako, yule mlinzi wake Ensha asiyesema neno anakuvamia pale pale Meza ya Duara, mahali ambapo watu hawapigani. Na ukimuuliza Gideon anajifanya hajui, eti Ensha alijiamulia mwenyewe. Mhm.

Watu wengi wanamweka Gideon kwenye kundi la wasaliti, juu mwishoni, mji mkuu ukishakuwa majivu, anakusubiri na anapigana na wewe. Lakini sikiliza anachosema pale: Malkia Marika anataka tuendelee kuhangaika, milele, na mtu hawezi kumuua mungu. Mzee wa watu alikusanya habari zote za dunia na zikamfikisha mahali pa kuamini kwamba haiwezekani, hakuna Tarnished, yani watu kama yeye na wewe unayecheza, wa kuwa Bwana, basi. Kwa hiyo kwa lile swali la kiapo Gideon ni wa Marika, na kwa swali la roho pia ni wa Marika, au tuseme ni wa Marika jinsi yeye anavyomwelewa, na uongo wake wote wa katikati ni wa mtu anayekusanya habari bila kujali nani atakufa. Nepheli aliyemlea kama mtoto wake mwenyewe ndo alivunjika moyo kwa ajili ya kile kijiji. Mimi simwiti msaliti. Namwita mtu mbaya mwaminifu, na hao ndo wananitisha zaidi.

Kwa Ranni ndo kuna utamu, na shida ni kwamba watu wanamwangalia Ranni peke yake wakati ungeangalia nyumba nzima. Ranni ni mchawi, nusu-mungu, alichaguliwa na Vidole Viwili, wale wajumbe wa mungu mkubwa wa juu, awe mmoja wa wale wanaoweza kumrithi Marika, akakataa. Akaiba kipande cha Runi ya Kifo, kikawekwa kwenye visu, na Usiku wa Visu Vyeusi nusu-mungu Godwyn akauawa roho peke yake, mwili ukabaki, na Ranni dakika ile ile akaua mwili wake mwenyewe, roho ikabaki. Tangu hapo anakaa ndani ya mwanasesere. Sasa angalia waliomzunguka. Kuna Seluvis, mwalimu, mbele za watu anajiita mtumishi wa Ranni, kumbe ana chumba cha siri amejaza watu aliowageuza vikaragosi kwa dawa, na mpango wake mkubwa ni kumnywesha Ranni mwenyewe awe wa mwisho kwenye mkusanyiko. Huyo ni rahisi, jezi ya Ranni, faida kwake binafsi, tumemaliza.

Blaidd ndo ananiumiza. Blaidd nusu mbwa mwitu, alipewa Ranni na Vidole Viwili kama kivuli chake, walikua pamoja, anampenda kabisa. Lakini aliumbwa na sharti ndani: Ranni akiwakataa Vidole Viwili, kivuli kinarukwa na akili na kuwa laana juu yake. Iji, yule mzee mshauri mkubwa kama mlima, alijua hilo, ndo maana alimfungia Blaidd kwenye lile gereza, na alifanya ivo kwa ajili ya Ranni. Ukirudi mwishoni unamkuta Blaidd mbele ya mnara wa Ranni, anasema bado yeye ni wa Ranni, na huku anakushambulia. Niambie basi huyo ni wa nani! Roho yake ni ya Ranni, waya wake ni wa Vidole Viwili, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Vijana wengine wanasema "alimsaliti". Hapana, wadogo zangu, kusaliti kunataka uwe na uchaguzi, Blaidd hakuwa nao.

Na Ranni mwenyewe? Anataka kuondoka na ule utaratibu wote, aupeleke mbali na watu, safari ya miaka elfu chini ya mwezi, na ukimfuata mpaka mwisho ndo anachofanya. Kwa hiyo hakudanganya kuhusu lengo, ata kama hakukuambia mapema bei yake ilikuwa nini, na Godwyn ndo alikuwa bei. Kuna kamba moja bado inaning'inia: maelezo ya zile nguo za wauaji yanasema wote walikuwa wanawake, na kuna tetesi kuwa walikuwa wa kabila la Numen wenye ukaribu na Marika mwenyewe. Marika! Aliyeondoa kifo kwenye dunia na kumpa Maliketh, kivuli chake, akifungie. Kama watu wake ndo walishika visu, je Marika alijua? Godwyn ni mtoto wake. Gemu haijibu, inasema tu ni tetesi, na mi naheshimu hiyo "tetesi", sijengi nyumba juu yake. Lakini nakumbusha kwamba Marika huyo huyo ndo aliivunja Elden Ring, ile pete yenye sheria za dunia, na Radagon mume wake aliyejaribu kuiunganisha ni mwili mmoja na yeye. Mwili mmoja, mkono mmoja unavunja, mwingine unatengeneza, na Marika mwenyewe alimwita Radagon mbwa mwaminifu wa Utaratibu wa Dhahabu. Ukiulizwa Marika na Radagon ni wa upande gani, uliza kwanza ni saa ngapi.

Kabla ya Mohg nipite haraka kwa Baldur's Gate 3, ya 2023, juu kuna mtu analeta jina la Emperor kila mara. Emperor anakuja kwenye ndoto na sura nzuri ya mlinzi, baadaye unagundua ni mind flayer, kiumbe kinachokula ubongo wa watu, baadaye tena chini kabisa ya Wyrm's Rock joka Ansur anafichua kwamba zamani alikuwa Balduran mwenyewe, aliyeanzisha mji. Anakuambia hadithi tamu ya ushirika wake na Duchess Stelmane, lakini ukimkera vya kutosha anakuonyesha ukweli, kwamba alikuwa amemshika akili yule mama. Watu wanauliza alikuwa na sisi au na ule Ubongo mkubwa unaotawala mind flayer. Mi naona hapa jibu liko wazi kuliko kwingine kote: siku ukiamua kumfungua Orpheus, yule mwanamfalme mfungwa ambaye Emperor anatumia nguvu yake, Emperor anahesabu kwamba Orpheus atamuua, na anaondoka kwenda kujiunga na Ubongo ule ule aliokuwa anaukimbia toka mwanzo. Aliongea uhuru gemu nzima, na kwenye mlango wa mwisho alichagua kupumua. Hakuwa na bosi na hakuwa na rafiki. Na ukimwacha afanye kazi yake, anakusaidia kweli mpaka mwisho, ndo maana wenye kucheza njia hiyo wanamtetea, wao hawakuona ule mlango.

Sasa Mohg.

Toka 2022 mpaka katikati ya 2024 stori tuliyokuwa nayo ni hii. Mohg ni Omen, mtoto wa Marika na Godfrey, pacha wa Morgott, alizaliwa na pembe, wakamficha chini ya mji pamoja na mwenzake. Kule chini akakutana na Mama Asiye na Umbo, mungu wa nje, damu yake ikashika moto, akawa Bwana wa Damu na akaanza kuota ukoo mpya wa kifalme. Alafu akaenda kwenye Haligtree ambapo Miquella, nusu-mungu mtoto wa Marika na Radagon, alikuwa amejiweka ndani ya mti ili aponye laana yake ya kubaki mtoto, akamng'oa, akaenda naye kwenye kasri lake la chini. Maelezo ya kumbukumbu ya Mohg yanasema alitaka kumkuza Miquella afikie uungu kamili na yeye awe mwenzi wake, na kwamba pamoja na damu yote aliyomwaga kwenye kile kitanda hakupata jibu lolote. Tukasoma, tukachukia, tukampiga, tukafurahi. Mtekaji na mtekwa, kesi imefungwa.

Lakini rudi usome taratibu. Maandishi yanakuambia Mohg alitaka nini. Hayakuambii kwa nini alitaka. Na kulikuwa na kitu kingine humo humo kwenye gemu ya kwanza, kile kitawi cha kuroga unachomchoma nacho adui aje upande wako, maelezo yake yanasema Miquella anapendwa na watu wengi, na kwamba amejifunza vizuri sana jinsi ya kulazimisha huo upendo. Kulazimisha! Hiyo ilikuwa pale toka siku ya kwanza, kwenye kitu cha bei rahisi ambacho nusu ya watu hawakutumia ata mara moja. Kuna walioona na wakasema mapema, tukawacheka.

Juni 2024 ikatoka nyongeza, Shadow of the Erdtree, na ndani yake kuna mzee anaitwa Ansbach, aliyekuwa mmoja wa mashujaa wa damu wa Mohg. Mzee ana heshima, anaongea taratibu, na unamkuta katikati ya wafuasi wa Miquella, jambo ambalo lingekushtua peke yake. Yeye ndo anafungua mambo: bwana wake alirogwa. Ansbach alijua, akaenda kumkabili Miquella ili amkomboe Mohg, akaishia yeye mwenyewe kuporwa moyo. Baadaye ukifika karibu na ngome ya Shadow Keep Miquella anaitupa Runi yake Kuu, ile dawa ya mapendo inaisha kwa wote mara moja, na hapo Ansbach anarudi kuwa Ansbach. Anaingia kwenye maktaba, anasoma, unamletea karatasi ya ibada ya siri inayosema mungu hurudi kwa njia ya bwana, na roho ya huyo bwana inahitaji chombo. Roho ni ya Radahn, yule jemadari nusu-mungu. Chombo ni mwili wa Mohg.

Pumzika kidogo uone ukubwa wa hiyo. Mohg alidhani anamtunza mungu wake ili atawale pembeni yake, na kumbe nafasi ya mwenzi ilikuwa na mwenyewe zamani, yeye alichukuliwa kama nyama. Kwa hiyo tukirudi kwenye maswali yetu: alimpigia nani magoti, Miquella. Amefungwa na nani, Miquella. Nani anafaidika, Miquella. Na roho yake? Hapo ndo ubishi wa Katuba unastahili kuendelea, juu kuna wanaotaka sasa Mohg awe mwathirika safi na mimi nakataa. Ndoto ya ukoo wa damu na ule mkataba na Mama Asiye na Umbo ni vyake. Varré anayekutuma uloweshe kitambaa kwenye damu ya binti mtakatifu anafanya kazi ya Bwana wa Damu, haina uhusiano na Miquella ata kidogo. Ukitoa dawa ya mapendo, unabaki na mtu aliyekuwa tayari anachinja. Kilichowekwa ndani yake ni ile hamu ya Miquella, na naona Miquella alichagua vizuri, alichukua mtu ambaye dunia nzima ingeamini uovu wowote ungesemwa juu yake.

Angalia na wengine dawa ilipoisha, juu pale ndo unaona kipimo kizuri kuliko vyote. Wale wafuasi walikuwa wanaongea lugha moja, wanakusalimia vizuri wote. Runi ikavunjika, kila mmoja akarudi alikotoka, Hornsent kwenye kisasi chake, Freyja kwa Radahn jemadari wake wa zamani, Thiollier kwa St. Trina. Leda hakubadilika. Hakuna uchawi tena unaomshika na bado anasema Miquella, Miquella, na anaanza kupanga nani kati ya wenzake auawe kwanza, juu anawashuku. Leda ni mwaminifu kweli, asilimia mia. Na katika lile kundi lote yeye ndo hatari.

St. Trina naye, ambaye ni Miquella mwenyewe, upande wake wa upendo aliouacha njiani akienda kuwa mungu. Ukikubali kunywa sumu yake mara kadhaa, ukafa na kurudi, anaongea na wewe usingizini, na anachoomba ni umuue Miquella, kwamba uungu utakuwa gereza lake. Yani sehemu ya Miquella iko kinyume na Miquella! Hapo ata lile swali la "ni wa nani" linakosa pa kushika, juu bosi mwenyewe hakubaliani na yeye mwenyewe.

Na Radahn? Mwishoni tunaonyeshwa Miquella akikumbuka ahadi, akimwomba awe mwenzi wake, na Radahn mwenyewe hatamki neno. Kwa hiyo wanaosema alikubali na wanaosema alilazimishwa wote wanasoma ukimya. Mi niko upande wa kulazimishwa, lakini kwa sababu moja tu, kwamba nimeshaona jinsi Miquella anavyopata ndiyo ya watu.

Kuna jambo ambalo vijana wakisikia wananyamaza kidogo. Ili uingie kwenye hiyo nyongeza ni lazima uwe umeshamuua Radahn na umeshamuua Mohg, wote wawili, alafu unashika ule mkono uliokauka unaotoka kwenye kifuko cha Miquella. Bila Radahn kufa roho yake haiendi popote, na bila Mohg kufa hakuna mwili. Miquella alihitaji mtu wa kufanya hizo kazi mbili na hakukulipa ata senti, ulienda mwenyewe, ukakufa pale kwa Radahn mpaka ukatukana, ukarudi tena. Nikimwambia hivyo yule mdogo asiyeshika maneti anacheka sana, juu yeye ndo peke yake ambaye hajamfanyia Miquella kazi.